Goti lililosagika, lililopinda na lisilotulia: kuunga kano, kunyoosha mfupa au kuweka goti bandia?

Mchezaji aliyekatika ACL (kano ya ndani ya goti inayozuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele) akiwa na miaka 22 na hakutibiwa, au dereva wa bodaboda aliyeanguka, akafungwa bandeji na kurudi barabarani, mara nyingi huja hospitali akiwa na miaka 40 na kitu akiwa na matatizo matatu kwa mpigo. Upande wa ndani wa goti umesagika na unauma. Mguu umepinda, tege limeongezeka upande ule mmoja. Na goti lenyewe halitulii: akikata kona, akishuka ngazi au akikanyaga jiwe, linachomoka.

Mtu huyu bado ana nguvu zake. Analima, anabeba mizigo, anapanda daladala, Jumamosi anataka kucheza. Goti bandia kwake bado ni mapema, na kuungwa kano tu kumeshachelewa. Hapo ndipo ushauri unapogongana, huyu akimwambia hivi na yule vile, na familia inabaki haijui ishike lipi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mtu mzima anayejishughulisha, mwenye goti lenye shida hizi tatu, suala la kwanza ni mfupa uliopinda. Kano inakuja baada yake. Na katika kuchagua njia, swali linaloamua mengi ni hili: kinachokutesa zaidi ni maumivu, au ni goti kuchomoka? Lijibu kwa dhati kabla hujaingia kwa daktari, maana majibu mawili tofauti yanakupeleka kwenye operesheni mbili tofauti.

Picha inayotakiwa kabla ya lolote

Eksirei ya goti peke yake, iliyopigwa ukiwa umelala, haitoshi kuamua. Inayotakiwa ni picha ndefu ya mguu mzima, kuanzia nyonga hadi kifundo, ukiwa umesimama na kuuwekea mguu uzito. Juu ya picha hiyo daktari anapiga mstari kutoka katikati ya kichwa cha fupaja, kule nyongani, hadi katikati ya kifundo cha mguu. Kwenye mguu ulionyooka mstari huo hupita karibu na katikati ya goti. Kwenye mguu wa tege unapita upande wa ndani, na tege likizidi unapita nje kabisa ya goti, hewani. Uzito wote wa mwili unafuata mstari huo. Ndiyo maana upande wa ndani unaendelea kulika hata ukinywa dawa za maumivu mwaka mzima.

Picha ya pili ni ya ubavuni, inayoonyesha mteremko wa sehemu ya juu ya muundi, ule mfupa mkubwa wa chini ya goti. Uso wa juu wa mfupa huo haukulala sawa. Umeinamia nyuma kidogo, kwa watu wengi kama nyuzi 5 hadi 10. Mteremko ukiwa mkali, muundi unateleza kwenda mbele kila unapokanyaga, na kinachouzuia ni ACL. Madaktari wengi huanza kuingiwa na wasiwasi mteremko unapopita nyuzi 12. MRI nayo inaeleza hali ya gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) na meniskasi (kifyonza mshtuko kati ya mifupa) ya upande wa nje, upande ambao kesho utabebeshwa mzigo.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Mwambie mtu akupige video kwa simu ukiwa unamjia, umekunja suruali juu ya magoti. Angalia goti bovu pale kisigino kinapotua: je, linaruka kwa nje kwa ghafla, kama limesukumwa, halafu linarudi? Mruko ule unaonyesha kwamba tege limeshaanza kuvuta na kulegeza kano za upande wa nje. Mpelekee daktari video hiyo. Kwenye kitanda cha uchunguzi mruko huo hauonekani.

Frank Noyes, daktari wa Cincinnati nchini Marekani, aliyapanga magoti haya katika madaraja matatu ambayo bado yanatumika. Daraja la kwanza, mfupa umepinda na gegedu la ndani limelika, basi. La pili, kano za upande wa nje nazo zimelegea, goti linafunguka kwa nje ukisimama. La tatu, kona ya nyuma kwa nje, yaani kano zinazoshika goti upande huo, imeachia, na goti linapinda kurudi nyuma. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo kuunga kano bila kugusa mfupa kunavyozidi kuwa kosa.

Kuunga kano peke yake

Hii ndiyo njia inayovutia kwa jina, kwa sababu kila mpenzi wa mpira amesikia mchezaji fulani kafanyiwa ACL akarudi uwanjani. Inafanyika kwa kamera, kwa matundu madogo, kwa kutumia kipandikizi kinachochukuliwa kwenye misuli ya nyuma ya paja au kwenye kano ya chini ya pia ya goti. Mfupa ukiwa umenyooka na goti halijasagika, ni operesheni nzuri sana.

Lakini goti likiwa limepinda, kano mpya inaingia kazini kwenye mazingira yaleyale yaliyoichosha ya zamani. Kila hatua inavutwa. Kano za kona ya nje zikiungwa bila kunyoosha tege hulegea tena. Na maumivu ya upande wa ndani hayaendi popote, kwa sababu kano haikuwa chanzo chake. Kwa mgonjwa tunayemzungumzia hapa, hii ni njia ya kuiondoa kwenye orodha mapema.

Kunyoosha mfupa

Kitaalamu inaitwa osteotomia. Wazo lake ni la zamani: Mark Coventry wa Mayo Clinic aliandika kuhusu osteotomia ya juu ya muundi mwaka 1965, kabla goti bandia la kisasa halijaenea. Baadaye magoti bandia yalipoboreka, osteotomia ikasahaulika kidogo. Vyuma vipya ambavyo skrubu zake hujifunga kwenye bamba lenyewe ndivyo vilivyoirudisha, kwa sababu vinashika mfupa imara kiasi kwamba mgonjwa anaanza kusogeza goti mapema badala ya kukaa kwenye plasta.

Inayofanyika zaidi leo ni ya kufungua kabari. Daktari anapasua upande wa ndani, chini kidogo ya goti, anaukata muundi kwa mshazari kuelekea nje lakini hafiki mwisho; anaacha sentimita moja hivi ya mfupa upande wa nje iwe bawaba. Kisha anaingiza patasi nyembamba moja juu ya nyingine, polepole sana, pengo linapanuka milimita kwa milimita huku akiangalia eksirei ya chumba cha upasuaji. Akifika kipimo alichokipanga kwenye ile picha ndefu, anafunga bamba na skrubu. Pengo likiwa kubwa, mara nyingi kuanzia milimita 10, madaktari wengi hujaza mfupa uliochukuliwa nyongani au kijazio kingine. Likiwa dogo mwili hulijaza wenyewe.

Asogeze mstari hadi wapi? Hapa ndipo penye ufundi. Mwaka 1979 Fujisawa na wenzake huko Japani walieleza eneo ambalo bado linatajwa kila siku: karibu asilimia 62 ya upana wa uso wa muundi ukihesabu kutoka ndani, yaani kupita katikati na kuingia nje kidogo. Hiyo ni kwa goti lililosagika na linalouma. Kama shida kubwa ni goti kuchomoka na kusagika ni kwa kiasi, madaktari wengi huishia katikati au kupita katikati kidogo tu, kwa sababu hakuna haja ya kuubebesha upande mzima wa nje mzigo wa ziada. Muulize daktari wako swali hilohilo: mstari unaupeleka wapi, na kwa nini? Mwenye mpango atakuonyesha kwenye picha.

Njia nyingine ni ya kufunga kabari: kipande cha mfupa kinatolewa upande wa nje, kisha pengo linafungwa. Mfupa unagusana na mfupa, kwa hiyo unaunga kwa uhakika zaidi, jambo la maana kwa mtu ambaye mifupa yake inachelewa kuunga. Gharama yake ni kwamba fibula, mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, nayo lazima ishughulikiwe, na mshipa wa fahamu unaoinua wayo unapita jirani kabisa. Ukijeruhiwa, mguu unaburuta.

Kwa goti lisilotulia tofauti kubwa ya njia hizi mbili iko kwenye ule mteremko. Kufungua kabari kwa ndani, bamba likikaa mbele mno, huongeza mteremko bila mtu kukusudia. Kufunga kabari kwa nje huelekea kuupunguza. Kama ACL yako imekatika unataka mteremko upungue au angalau usiongezeke. Kama iliyokatika ni kano ya nyuma, PCL, unataka kinyume chake. Osteotomia ileile inaweza kulituliza goti au kulivuruga zaidi kwa tofauti ya nyuzi chache. Kwa sababu hiyo napendelea mgonjwa aende kwa daktari anayefanya osteotomia mara kwa mara, hata kama ni kusafiri kwenda mji mwingine, kuliko kwa bingwa mwenye jina ambaye huifanya kwa nadra.

Na je, mfupa peke yake unatosha? Kwa wengi, ndiyo. Mwenye miaka 45 ambaye maumivu ndiyo yanamnyima usingizi, na goti linachomoka mara mojamoja tu, akinyooshwa vizuri na mteremko ukarekebishwa anaweza asihitaji kano kabisa. Hata kwa walioachia kona ya nyuma kwa nje, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya walionyooshwa mfupa kwanza hawakuhitaji operesheni ya pili ya kano.

Mfupa na kano kwa pamoja

Hii inamfaa zaidi mwenye malalamiko mawili yenye uzito sawa, au ambaye kuchomoka ndiko kunakoongoza: kijana wa miaka 30 hadi 40 ambaye hata barabara tambarare haiamini. Zikifanywa siku moja, analala mezani mara moja, anatumia magongo mara moja, anaomba ruhusa kazini mara moja. Ubaya wake ni operesheni ndefu na nzito, hatari ya goti kukakamaa inapanda, na matundu ya kupitishia kano yanaweza kugongana na skrubu za bamba.

Zikitenganishwa, mfupa unatangulia na kano inafuata baada ya miezi 6 hadi 12, mfupa ukishaunga na mgonjwa akishajua goti jipya linavyojiendesha. Kwa ACL ya kijana naona siku moja ina mantiki. Kwa daraja la tatu la Noyes, lenye kano kadhaa za nje zilizolegea, afadhali kusubiri, kwa sababu unaweza kugundua huhitaji tena.

Nusu goti bandia

Hapa sehemu ya ndani tu inavalishwa chuma na plastiki, nyingine zinabaki za kwako. Mtu anapona haraka na goti linahisi kama lake. Tatizo ni kwamba nusu goti linategemea ACL nzima. Mwaka 1989 Kozinn na Scott waliweka masharti yaliyofuatwa kwa muda mrefu: miaka kuanzia 60, uzito chini ya kilo 82, asiwe mtu wa kazi nzito, na ACL iwe nzima. Sharti la umri na la uzito yamelegezwa sana tangu hapo. La ACL limebaki na nguvu.

Sababu yake inaonekana kwenye eksirei. Goti lenye ACL nzima hulika upande wa ndani kwa mbele. Likikosa ACL, fupaja linakaa nyuma ya muundi na mliko unahamia kwa nyuma. Ukiweka nusu goti hapo, nalo litalika kwa nyuma na kulegea. Wapo wanaounga ACL na kuweka nusu goti pamoja, na katika mikono yenye uzoefu matokeo yanatia moyo, lakini ni njia ya wachache. Na kama mfupa wenyewe umepinda sana, nusu goti si kifaa cha kunyoosha mguu.

Goti bandia zima

Nguvu yake ni kwamba inamaliza maumivu kuliko njia nyingine zote, na kukatika kwa ACL hakuna maana tena kwa sababu katika aina nyingi kano hiyo huondolewa. Tege linanyooshwa palepale. Unasimama siku hiyo au kesho yake.

Takwimu zake ni nzuri: uchambuzi uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba karibu asilimia 82 ya magoti mazima hudumu miaka 25, na nusu goti karibu asilimia 70. Lakini hao ni wagonjwa wote wakijumlishwa, na wengi wao ni wazee. Utafiti mwingine wa Lancet wa mwaka 2017, uliotumia kumbukumbu za Uingereza, ulionyesha kwamba mwanamume anayewekewa goti zima mwanzoni mwa miaka ya 50 ana uwezekano wa karibu asilimia 35 wa kuhitaji kurudiwa maishani mwake. Kwa aliyepita miaka 70 ni karibu asilimia 5. Operesheni ya marudio huwa ngumu zaidi na matokeo yake si kama ya kwanza. Kwa mwenye miaka 42 anayebeba mifuko ya simenti, hesabu hiyo inanitia hofu.

Maisha ya kila siku

Kwetu suala la kuchuchumaa lina uzito kuliko linavyopewa kwenye vipeperushi. Choo cha shimo, kupalilia, kufua kwenye beseni, kusujudu: vyote vinataka goti likunjike sana. Goti bandia zima kwa kawaida hukunja nyuzi 110 hadi 120, na wengi husema kupiga magoti kunawakera hata pasipo hatari. Ukinyooshwa mfupa, goti ni lilelile lako. Kama ulikuwa unachuchumaa kabla, mara nyingi utachuchumaa tena. Fundi wa vigae, mvuvi na mkulima wapime hili kwa uzito.

Kwenye kupona, goti bandia linashinda. Wengi wanaweka magongo pembeni baada ya wiki 4 hadi 6. Osteotomia inataka magongo kama wiki 6, mfupa unaunga kwa miezi 3 hadi 6, kazi nzito inarudi baadaye zaidi. Ukiongeza ACL, michezo ya kukata kona ni miezi 9 hadi 12. Asiye na mtu wa kumletea riziki kwa miezi hiyo apange kwanza, au achague msimu, baada ya mavuno kwa mfano.

Kudumu: osteotomia si ya milele. Baada ya miaka 10 walio wengi bado wanatembelea goti lao wenyewe, takribani watatu kati ya wanne au zaidi. Wengine huishia kwenye goti bandia, ambalo kuliweka baada ya osteotomia ni kugumu kidogo lakini kunafanyika na kwa kawaida huenda vizuri. Ukianza na goti bandia, njia ya kurudi nyuma haipo.

Nani achague nini

Chini ya miaka 40, kuchomoka kunaongoza, kusagika ni kwa wastani: mfupa na ACL siku moja.

Miaka 40 hadi 55, maumivu yanaongoza: mfupa peke yake, mteremko ukizingatiwa, kano ikisubiri. Ukitaka kujaribu kwanza, kuna mikanda ya goti yenye vyuma vya pembeni inayosukuma uzito upande wa nje; ukiivaa na maumivu yakapungua vizuri, ni dalili njema kwamba kunyoosha kutasaidia.

Miaka 60 na kuendelea, goti limekwisha pande zote: goti zima, bila kujilaumu.

Katikati, miaka 55 hadi 60, umri peke yake hauamui. Angalia kazi, uzito na upande wa nje wa goti. Osteotomia iache kabisa kama una baridi yabisi ya kinga ya mwili, kama gegedu au meniskasi ya nje imeharibika, au kama goti halinyooki na limepoteza kukunja. Mvutaji wa sigara aache kwanza, kwani mfupa wake huchelewa kuunga au hauungi. Mwenye kisukari ashushe sukari kwanza kwa ajili ya kidonda. Na mwenye unene mkubwa, kila kilo itakayopungua kabla ya kisu itamsaidia kwa njia yoyote atakayochagua.

Kuhusu fedha

Bei inatofautiana mno kati ya hospitali, kwa hiyo dai mchanganuo kwa maandishi: bamba na skrubu, vifaa vya kano, usiku wa kulazwa, fiziotherapia, na kuliondoa bamba baadaye. Hili la mwisho husahaulika. Bamba hukaa chini ya ngozi upande wa ndani wa muundi, na wengi huliondoa baada ya mwaka mmoja na zaidi kwa sababu linawachoma wakipiga magoti. Kwa wenye NHIF Tanzania au SHA Kenya, ulizeni mapema kama kifurushi chenu kinagharamia vifaa vyenyewe au upasuaji tu, na mpate idhini kabla ya tarehe. Fiziotherapia msiipunguze ili kubana matumizi. Msuli wa mbele ya paja hunywea ndani ya wiki chache tu za magongo, na ukishanywea, goti litaendelea kuyumba hata kama mfupa umenyooka vizuri na kano imekaza.